Utingo wa Shangazi

Jumamosi, 6 Julai

Shangazi ameniruhusu vitabu vinne. Nilikuwa nimepanga kumi na viwili kwenye sanduku. Akaliinua kwa mkono mmoja, akaguna, akasema, "Profesa, hii ni gari, si maktaba. Kila kilo inakunywa dizeli." Nimebaki na kitabu cha fizikia, kamusi, atlasi na riwaya moja nene isiyo na jalada. Na daftari hili, ambalo sikumwonyesha.

Tunakwenda kukaa nyikani likizo nzima, wiki sita, mimi na yeye. Shangazi ni dada mkubwa wa Baba. Ameendesha malori ya safari ndefu miaka ishirini na tisa, na alipostaafu alinunua pikapu kuukuu, akamwita seremala, akajengewa mgongoni mwake chumba cha mbao kilichovikwa bati. Kitanda kiko juu ya kichwa cha gari, unakipanda kwa ngazi ya vidato vitatu. Chini kuna mabenchi mawili, meza ya kukunja, jiko la gesi la moto mmoja, na ndoo yenye kifuniko ambayo ndiyo choo chetu, na gunia la maranda ya kumwagia. Tangi la maji la lita tisini limefungwa ubavuni kwa nje. Juu ya paa kuna paneli moja ya sola. Hakuna waya wala bomba linalotuunganisha na mtu yeyote. Hiyo ndiyo nyumba yake, hana nyingine. Hata mjini huiegesha uani kwetu na kulala humo humo.

Kabla hatujaondoka Baba aliniita kwenye chumba chake cha kazi. Baba ni fundi saa. Alikuwa na ile lenzi jichoni, kwa hiyo jicho lake moja lilinitazama likiwa kubwa kama la ng'ombe.

"Mwezi uliopita shangazi yako amegonga nguzo ya geti mara mbili," alisema.

"Nimesikia, Baba."

"Anasema geti ndilo lililomfuata." Hakucheka. "Nimeshamwambia. Akirudi na mkwaruzo mwingine hata mmoja, ufunguo unabaki kwangu na gari linauzwa. Wewe kazi yako ni kutazama na kuniambia ukweli."

Siipendi kazi hiyo. Nilianza kupanga sentensi ya kumwambia hivyo. Nilipomaliza kuipanga alikuwa amesharudi kwenye saa yake.


Jumapili, 7 Julai

Barabarani kutwa. Nimepewa cheo: utingo. Kwenye malori, utingo ndiye anayeshuka na kumwelekeza dereva pale penye nafasi finyu. Hapigi kelele, maana injini inazimeza. Anapiga bati kwa kiganja. Kofi moja, simama. Makofi mawili, nenda.

Nimeipenda kazi hii kwa sababu haihitaji kuongea.

Tulipita kambi moja yenye uzio, magari yamejipanga kama ng'ombe zizini, kila moja limechomekwa kwenye nguzo yake ya umeme na bomba lake la maji. Shangazi akasema, "Kulala porini na soketi ni kama kuogelea na buti." Akapiga honi ya kuwaaga, ingawa hatukuwa tumewasalimu.


Jumanne, 9 Julai

Tumefika. Ni uwanda wa juu kabisa, majani tu mpaka jicho linachoka. Simu inaandika "hakuna mtandao". Shangazi akaizima, akaifungia kwenye kopo la sukari.


Jumatano, 10 Julai

Leo nimejifunza sheria za nyumba. Maji ni lita nane kwa siku, sisi wote wawili. Kuoga ni vikombe viwili kila mtu: kimoja cha kulowesha, kimoja cha kusuuza, na aliyebaki na povu sikioni avumilie. Vyombo vinafutwa kwanza kwa karatasi, ndipo vinapulizwa maji kwa kile kichupa cha kunyunyizia maua. Betri ina taa ndogo tatu. Tatu zikiwaka, tunaweza kuwasha feni. Mbili, taa ya kusomea. Moja, tunakaa na jua mpaka litakapotuacha.

Sheria kubwa kuliko zote ni kwamba kila kitu kirudi mahali pake. Kisu kushoto kwa jiko, kiberiti juu ya dirisha, viatu chini ya kidato cha kwanza. Nilipoweka kikombe kulia badala ya kushoto nilikaripiwa kama niliyechoma nyumba.

Nilidhani ningechukia. Lakini asubuhi ukungu ulikuwa umejaa uwandani, mzito, mweupe, umefika magurudumuni na kuishia hapo. Nilifungua mlango nikaona hakuna ardhi. Chumba chetu kilikuwa kinaelea. Nilikaa kizingitini, miguu imezama kwenye weupe, nikihisi kwamba nikikohoa tutaanza kwenda.


Alhamisi, 11 Julai

Nimesoma kurasa mia moja na kumi. Hakuna jingine.


Ijumaa, 12 Julai

Amekuja mgeni. Ni mfuga nyuki, mtu wa makamo mwenye pikipiki nyekundu. Mizinga yake iko msituni kule ukingoni mwa uwanda, naye huja kuitazama kila Ijumaa. Anafahamiana na Shangazi miaka mingi.

"Dereva! Bado uko hai?"

"Nikifa utaambiwa na nyuki wako. Si ndio wanaokupa umbea wote?"

"Nyuki wangu wana kazi, hawana muda na wazee."

"Wazee? Nani mzee? Mwone! Kichwa chako chenyewe kimebaki nywele tatu, na mbili zinataka kuhama."

Wakacheka mpaka nami nikacheka, kwa ndani. Alipotaka kuondoka alimnyooshea Shangazi kopo la asali, akiwa amesimama ubavuni mwake. Shangazi hakulipokea. Kopo likakaa hewani muda mrefu kidogo kuliko inavyofaa. Nikalipokea mimi. Mfuga nyuki alinitazama, akavaa kofia yake, akaenda.


Jumatatu, 15 Julai

Upepo. Paneli imejaa vumbi, nimepanda juu ya paa kuifuta. Kutoka huko niliona kivuli cha wingu kikipita uwandani, kikaja, kikatufunika, kikaondoka, kama mtu aliyechungulia ndani akaona hayumo anayemtafuta.


Alhamisi, 18 Julai

Nimeanza kuona kitu kuhusu Shangazi na sijui nikiandikeje.

Leo asubuhi alinionyesha tai aliye mbali sana, nukta tu juu ya msitu. Mimi mwenyewe nilichukua muda kumpata. Kwa hiyo macho yake ni mazuri. Dakika mbili baadaye akapiga teke ndoo iliyokuwa karibu na mguu wake. Ilikuwa nyekundu. Niliisogeza mimi nikasahau kuirudisha.

Tena anageuza kichwa namna ya kuku. Akitaka kunitazama nikiwa pembeni hageuzi macho, anageuza kichwa kizima, kwa mkato. Zamani nilidhani ni ukali.


Ijumaa, 19 Julai

Mfuga nyuki alikuja. Matani yale yale, nywele tatu zimekuwa mbili. Safari hii kopo la asali alilishikilia mbele kabisa ya uso wa Shangazi, akalipokea vizuri.


Jumatatu, 22 Julai

Nimemkuta anapanga kulia. Nasema "anapanga" kwa sababu alikuwa amelaza kichwa nyuma, akidondosha machozi ndani ya macho badala ya nje. Alikuwa na kichupa kidogo cheupe. Aliponisikia akakitia mfukoni.

"Vumbi," alisema.

Nilikuwa na swali tayari, maneno manne tu. Nikalimeza.


Alhamisi, 25 Julai

Tumehamisha gari mita mia tatu, karibu na msitu, ili majani ya kule yapumue. Nilishuka, nikatazama pande zote, nikapiga makofi mawili, tukaenda. Kofi moja, tukasimama. Shangazi akasema mimi ni utingo bora kuliko wote aliowahi kuwa nao, na kwamba mmoja wao alikuwa analala amesimama.

Hapa kuna kisiki kizuri cha kukalia kunywa chai, upande wa kushoto mbele ya gari.


Jumamosi, 27 Julai

Ni kosa langu. Nitaandika polepole ili niandike kweli.

Mchana kivuli cha msitu kilikuwa kimeanza kufunika paneli na betri ilikuwa imebaki taa moja. Shangazi akasema tusogee mbele hatua ishirini tulifuate jua. Akapanda, akawasha injini, akasubiri utingo.

Mimi nilikuwa nyuma ya gari. Kuna kijimlango kule nyuma cha kuwekea mtungi wa gesi, na hakifungi mpaka ukipige. Kila siku huwa nakifunga kwanza, injini ikiwa imezimwa, ndipo naenda mbele kuangalia njia. Leo kichwa changu kilikuwa bado kwenye riwaya, kwa yule mwanamke anayerudi nyumbani akakuta milango yote imepakwa rangi nyingine. Nikakifunga bila kufikiri. Pa. Hakikufunga. Nikarudia. Pa.

Gari likaondoka.

Nilisikia sauti kama ya mfupa unaovunjika. Nilipokimbia mbele nikakuta kisiki chetu cha chai kimeingia ubavuni mwa tangi, na tangi limepasuka kutoka juu hadi chini.

Tulikuwa tumelijaza jana tu, kwenye chemchemi ya msituni, dumu kwa dumu, siku nzima, mpaka tukaikausha. Maji hayakutoka kwa fujo. Yalitambaa kimya kwenye majani, yakimeta, yakatafuta njia zao. Halafu vipepeo wakaja. Sijui walikuwa wapi wiki zote hizi. Wadogo, wa njano, kumi, ishirini, hamsini, wakatua kwenye tope kunywa maji yetu. Nilisimama nikiwatazama, na najua ni vibaya kusema hivi, lakini ni kitu kizuri kuliko vyote nilivyowahi kuona.

"Umenipigia makofi!" Shangazi alikuwa ameshashuka.

"Nilikuwa nafunga kijimlango."

"Makofi mawili ni makofi mawili!"

Kisha akageuza kichwa kwa mkato, akakitazama kisiki, akainama, akakigusa kwa mkono.

"Nilidhani kiko upande wa pili," alisema, kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake.

Kisiki kinafika magotini mwangu. Tumekikalia asubuhi hii hii. Dereva yeyote angekiona hata utingo akipiga makofi mia.


Jumapili, 28 Julai

Ameniambia.

Alichukua atlasi yangu, akatoa ile ramani kubwa ya karatasi iliyo katikati, akaikunja ikawa bomba jembamba. "Weka jichoni. Fumba lile lingine. Sasa tembea."

Nikatembea. Niliona msitu vizuri kabisa, kila jani. Nikajikwaa kwenye kamba, nikagonga ngazi, nikamtafuta Shangazi nisimpate hadi aliponishika bega.

"Ndivyo hivyo," alisema. "Presha ya macho. Mbele naona, pembeni kumefungwa. Daktari anasema matone yanazuia tatizo lisizidi, lililokwenda halirudi. Kaandika na barua kwamba nisiendeshe."

"Barua iko wapi, Shangazi?"

"Nimewashia jiko."

Tukacheka kidogo, wote wawili, bila raha.

Halafu akasema tumebakiwa na madumu mawili ya maji. Mfuga nyuki akija Ijumaa ataliona tangi, na huyo akishaona, mji mzima umeona. Kwa hiyo tutashuka Alhamisi, kabla yake. Chini barabara kuu ilipo kuna fundi wa plastiki, atalichomelea tangi liwe kama jipya. "Na baba yako hatakuwa na la kusema. Wewe utakaa kiti cha mbele, uwe macho yangu ya pembeni. Si ndiyo, Profesa?"

Sikujibu. Akanipiga bega, akashukuru. Watu hufanya hivyo na ukimya wangu, huujaza wanachotaka wao.


Jumatatu, 29 Julai

Lita tano leo. Sijaoga.


Jumanne, 30 Julai

Lita tano. Vipepeo wameondoka, tope limekauka na kuacha nyayo ndogo ndogo ambazo labda nazibuni tu. Nimelala mchana juu ya kitanda, mapazia yakipumua ndani na nje, nikaota chumba chetu kinashuka mlima chenyewe bila gari, taratibu, kama unyoya, na Shangazi ananiuliza nimuelezee njia nami nina mdomo uliojaa maranda.


Jumatano, 31 Julai

Nimemuuliza kwa nini asikubali tu. Sentensi hii nilianza kuipanga jana asubuhi. Alikuwa anafunga vitu kwa kamba, hakugeuka.

"Nikiwa na miaka ishirini na mbili waliniambia mwanamke haendeshi lori. Nikaliendesha. Wakasema sitafika. Nikafika. Sasa wewe unataka niegeshwe uani kwa baba yako kama kabati?"

Sikuwa nimepanga sentensi ya pili.


Alhamisi, 1 Agosti

Nitaandika kila kitu.

Tuliondoka saa mbili asubuhi. Njia ya kushuka ina bendi, yaani kona kali, kumi na nne na ni ya udongo, upana wa gari moja na nusu. Nilikaa upande wa abiria na kazi yangu ilikuwa kusema.

"Kushoto kidogo. Kidogo tena. Nyoosha. Shimo kulia. Kuna jiwe. Limepita."

Nilianza kwa kunong'ona. Bendi ya tatu nikawa nasema. Bendi ya sita nilikuwa napaza sauti, madirisha yakiwa wazi, na Shangazi anacheka, mikono yake imelala kwenye usukani kama iliyozaliwa hapo. "Kumbe una sauti! Ulikuwa umeificha wapi?" Sijawahi kusema maneno mengi hivyo kwa siku moja maishani mwangu. Na alikuwa anafanya nilichosema. Nasema kushoto, dunia inakwenda kushoto. Ukungu ulikuwa unapanda kutoka bondeni na jua linaupasua, na nilifikiri, basi tunaweza. Yeye ana mikono, mimi nina macho, tukiungana tunakuwa dereva mmoja mzima. Nilikuwa na furaha. Hilo ndilo linalonitia aibu sasa.

Baada ya bendi ya kumi nilimwona mama mmoja mbele yetu, upande wangu, anasukuma baiskeli iliyobebeshwa majani mpaka mwenyewe haonekani isipokuwa miguu. Nikaanza kupanga: Shangazi, mbele upande wangu kuna mama mwenye baiskeli, ana mzigo mpana, kwa hiyo—

Nilikuwa bado naipanga tulipompita.

Kioo cha pembeni kiligusa majani. Nilisikia shshsh, laini, kama ukurasa unafunuliwa. Nikatazama nyuma, nikaona baiskeli inainama mtaroni na mama yule anakwenda nayo.

"Mbona kimya?" Shangazi alisema, bado anatabasamu. "Endelea. Nini kinafuata?"

Hakujua. Hakuona, hakusikia, hakuhisi. Angefika chini akanywa chai.

"Simama."

"Bendi ipo?"

"Shangazi, simama!"

Nilishuka kabla gari halijatulia, nikakimbia. Mama alikuwa ameketi mtaroni kati ya majani, kiwiko kinatoka damu, kanga imepasuka, na alikuwa mzima kiasi cha kutukana.

"Dereva wenu ana macho ya kuchorwa? Barabara nzima hii, mnanifuata mimi na majani yangu? Mlitaka kuyala?"

"Pole, mama. Samahani. Pole sana."

"Pole yako nitaipaka wapi? Muite huyo dereva!"

Shangazi alikuwa ameshafika nyuma yangu. Nikasema, na sikuipanga, ilitoka tu: "Haoni pembeni. Mimi ndiye nilikuwa namtazamia. Nimechelewa kusema."

Mama yule alimtazama Shangazi, akanitazama mimi, akashika kiwiko chake.

Tulimfunga jeraha, tukainua baiskeli, tukayafunga majani upya. Fundo la mwisho alilikaza Shangazi. Kisha akarudi garini, akawasha injini.

"Panda twende. Zimebaki bendi nne."

"Sipandi, Shangazi."

"Usiniletee utoto. Panda."

"Sipandi. Na wewe huendi."

"Nitakwenda peke yangu! Nimeshuka mlima huu kabla baba yako hajaota meno!"

Nikaenda mbele ya gari. Nikasimama katikati kabisa, hatua tatu kutoka kwenye taa, mahali ambapo najua ananiona. Nilimwona kupitia kioo, naye ananitazama kwa kile kitundu chake kilichobaki, na ndani ya kitundu hicho nilikuwa mimi tu. Injini ilinguruma. Mama wa baiskeli akasema taratibu, "Mtoto, toka hapo." Sikutoka.

Sijui ni muda gani. Injini ikazimwa. Ndege wakarudi kusikika.

Shangazi hakushuka. Aliweka mikono yote miwili juu ya usukani, akalaza paji la uso juu yake.

Nilikwenda na mama wa baiskeli hadi kwake, mwendo wa nusu saa, tukiushikilia mzigo huku na huku. Kule kuna mtandao. Nilikuwa nimeitoa simu kwenye kopo la sukari, nikampigia Baba. Aliponiuliza kimetokea nini nilimwambia ukweli wote kuanzia kijimlango. Ilichukua dakika kumi na moja, na hakunikatiza.


Ijumaa, 2 Agosti

Baba amefika na lori la mchanga baada ya kusafiri usiku kucha, vumbi limempaka mpaka kope. Shangazi alikuwa ameuweka ufunguo juu ya boneti tangu alfajiri, akakaa kiti cha abiria, mlango amefunga. Baba hakusema "nilikuambia". Alilizunguka gari, akaligusa tangi lililopasuka kama anavyogusa saa ya mtu, akauchukua ufunguo, akampa msaidizi wa dereva wa lori, kwa sababu Baba mwenyewe hajui kuendesha hata mkokoteni.

Safari nzima Shangazi hakusema nami.


Jumatatu, 5 Agosti

Gari liko uani. Shangazi anaishi ndani yake. Bado hasemi nami.


Jumatano, 7 Agosti

Baba alivuta waya kutoka dirishani kwetu mpaka kwenye gari, akasema dada yake asiishi gizani hatua kumi kutoka kwenye soketi. Asubuhi tuliukuta waya umeviringishwa vizuri, umewekwa kizingitini. Bomba la uani pia halitumii. Amemtuma mtoto wa jirani amjazie madumu mawili, na anaoga kwa vikombe viwili.

Hasemi nami.


Ijumaa, 9 Agosti

Leo pia.


Jumapili, 11 Agosti

Baba ameandika tangazo la kuuza gari. Limekaa juu ya meza ya kazi, kwa mwandiko wake mzuri. Nilisimama mlangoni mpaka akaondoa lenzi.

"Ulisema nikuambie ukweli," nilisema.

"Umeniambia."

"Bado mmoja. Gari halina kosa lolote, Baba. Kinachokosekana ni dereva tu."

"Ndiyo maana linauzwa."

"Ukiliuza, utakuwa umeuza nyumba ya mtu kwa sababu mtu mwenyewe haoni pembeni." Nilisikia sauti yangu imepanda, nikaiacha ipande. "Wewe unatengeneza vitu vidogo kuliko mchele. Gia ni nne."

"Mimi nina miaka hamsini na moja!"

"Yeye alianza wakimwambia hawezi."

Baba alirudisha lenzi jichoni. Akaitoa tena. Alikuwa amesahau kuchukua saa.


Jumatano, 14 Agosti

Tangazo haliko mezani. Wala dirishani haliko. Sijauliza.

Jioni Shangazi alipita karibu nami akibeba sufuria. Akasimama, akageuza kichwa kizima.

"Yule mama, kiwiko chake kimepona?"

"Nimempigia jana. Kimepona, Shangazi. Anasema umpelekee kanga mpya."

"Nitampelekea." Akaondoka hatua mbili. "Mbili. Nitampelekea mbili."


Jumamosi, 17 Agosti

Shule inafunguliwa keshokutwa. Leo asubuhi mvua ya kwanza ilianza kudondoka, matone makubwa yaliyotengana, na Baba akatoka na viatu vyake vya kwendea harusini, akapanda upande wa usukani.

Shangazi alikaa pembeni yake. Mimi nyuma, kwenye dirisha dogo linalounganisha chumba na kichwa cha gari, kidevu changu juu ya mbao.

"Klachi," Shangazi alisema.

"Ipi?"

"Mungu wangu. Kwani una miguu mingapi?"

"Miwili, ndiyo maana nauliza, hivi vikanyagio viko vitatu!"

Gari likaruka, likazima. Likaruka, likazima. Akitaka kufuta kioo anawasha taa, akitaka taa anapiga honi. Majirani wote walitoka na miavuli. Mara ya saba likakubali. Tukatoka getini, na nguzo ikatupita polepole sana upande wa kushoto, nami nikasema mara moja, bila kupanga, "Baba, kulia!" na Baba akaenda kulia.

"Unaendesha kama uliyebeba supu," Shangazi alimwambia.

Barabara yetu ina urefu wa mita mia mbili hivi. Mvua ilikuwa inapiga bati juu yangu, chumba kinanuka mbao zilizolowa, na vikombe vyote vinagongana taratibu mahali pake. Nilimtazama Shangazi kwa ubavu. Alikuwa amefumba macho. Nilidhani analia, kwa kweli safari hii, lakini alisema hataki kuona chochote, anasikiliza injini. Mkono wake wa karibu na gia ulikuwa unakunjuka na kukunjika, unakunjuka na kukunjika, na hakuugusisha popote.

"Inaomba," alisema. "Unaisikia? Ipe gia ya pili."

Na Baba akaanza kuitafuta.